Likizo ya Uzazi Haifiki Songo Songo

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi, na kifungu kilichozungumzwa sana ni kile kinachomwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Ni kifungu chema. Mama aliyekaa wodini wiki nzima nzima akimpasha mtoto joto kifuani hakustahili kuhesabiwa siku sawa na aliyeruhusiwa kesho yake. Lakini tangu hapo sheria hii inatajwa majukwaani kana kwamba nchi imekwisha kulijibu swali la malezi ya watoto wadogo, na hapo ndipo ninapokataa. Kwa pwani ya Lindi, kuanzia Somanga hadi Mchinga, sheria hiyo imemwacha mwanamke wa kawaida palepale alipokuwa. Wa kulaumiwa kwanza ni wabunge walioipitisha bila kuuliza inamfikia nani. Wa pili ni sisi tuliokaa kimya, tusiwaandikie hata mstari mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha. Baba anapata siku tatu. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Haki zote hizi zinadaiwa kwa mwajiri. Sasa mwajiri wa mwanamke wa kisiwa cha Songo Songo na pwani yake ni nani? Yule anayefunga mwani kwenye kamba, anayechokoa pweza mwambani, anayenunua samaki Kilwa Masoko akawakaanga na kuwapeleka Nangurukuru, anayepalilia ufuta na kuokota korosho, hana mkataba wala mshahara, na hana wa kumwomba ruhusa. Kwake siku 84 ni habari ya redioni.

Na ugumu wenyewe hauishii kwenye mkataba, upo kwenye saa. Kazi ya mwambani haifuati saa za ofisi, inafuata maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika pwani yetu maji hayo hupwa sana kati ya saa nne na saa sita mchana. Anayetaka pweza anatoka mapema, ayafuate maji yanavyotoka, arudi yakianza kujaa. Kesho yake maji yanachelewa karibu dakika 50, naye anachelewa nayo. Siku hizo ndizo za kipato. Zikipita, yanakuja maji mafu, mwamba haukauki vya kutosha, na mkonjo, fimbo ya kuchokolea pweza, unaegemezwa ukutani.

Mtoto wa miezi minane anakuwa wapi saa hizo? Juani, mwambani, hawezi kuwapo. Kama bibi yupo na ana nguvu, anabaki kwa bibi. Kama bibi naye ameshika mkonjo, na wanawake wa umri wa bibi kwenye mwamba si wachache, mtoto anabaki na dada yake wa darasa la tatu. Msichana wa miaka tisa anambeba mdogo wake ubavuni, anamkorogea uji, anambembeleza hadi mama atokeze na ndoo yake. Saa nne hadi saa sita mchana ni saa za darasani. Kwa hiyo malezi ambayo sheria zetu hazikuyagharamia yanalipwa na msichana huyu, kwa siku zake za shule, bamvua hadi bamvua.

Halafu serikali inamgeukia mama huyohuyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule, na asipofanya hivyo anaweza kuitwa na kuadhibiwa. Yaani kwa mtoto wake mchanga, sheria haimpi chochote kwa sababu hana mwajiri, na kwa mtoto wake mkubwa, inamshika. Nimechoka kuwasikia viongozi wanaopita vijijini kukemea utoro wakiwaita wazazi wa pwani wazembe. Mzembe haamki alfajiri kuyawahi maji. Kiongozi anayetaka kuujua utoro wa visiwani achukue daftari la mahudhurio, aweke kalenda ya mwezi pembeni yake, asome tarehe. Akimaliza, aeleze jimboni kwake ni kituo gani cha watoto alichokisemea bungeni.

Kuna mengine yanayosemwa. Inasemwa kwamba fedha hakuna. Halmashauri ya Kilwa hupokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songo Songo, gesi inayochimbwa tangu 2004, na chumba chenye kivuli, maji safi na walezi wawili waliofundwa si mradi wa kuitikisa bajeti. Inasemwa pia kwamba malezi ni kazi ya ukoo na tusiige ya wageni. Ukoo ungalipo na ninauheshimu, ila ukoo nao unakwenda baharini. Tena inasemwa kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kuweka utaratibu wa vituo vya kulelea watoto mchana. Imeuweka kweli: anayetaka kufungua kituo anaomba kibali kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Utaratibu huo unamlinda mtoto na usiguswe. Lakini kutoa kibali si kujenga kituo, na kituo kinachofuata saa za ofisi kila siku ya mwaka hakimfai mama anayefuata maji.

India wameliona hili zamani. SEWA, chama cha wanawake wanaojiajiri kilichoanzishwa Ahmedabad mwaka 1972, kimeendesha vituo vya watoto kwa saa za kazi za mama zao, wakiwamo vibarua wa mashamba ya tumbaku. Hakuna kinachozuia Songo Songo kuwa na kituo kinachofungua kwa kalenda ya bamvua.

Hoja inayoniudhi ni ya wale wanaosema barua kwa mbunge ni karatasi ya kufungia karanga. Kifungu cha watoto njiti hakikuanguka kutoka mbinguni. Taasisi ya Doris Mollel ilikidai kwa miaka, ikibisha mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka kikaingia kwenye muswada. Waliosemewa wamepata. Sisi hatukusemewa kwa sababu muswada unapopelekwa kwenye kamati, wanaotoa maoni ni wenye ofisi, wenye nauli ya Dodoma na wanaoliona tangazo kwa wakati. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Haki hiyo haina sharti la kuishi karibu na Dodoma.

Wala wabunge wenyewe hawako mbali na shida hii. Agosti 2019, huko Nairobi, Kenya, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu hakuwa na pa kumwacha, akatolewa nje. Mama wa pwani mwenye kiti bungeni alionekana na mtoto siku moja tu, na ilitosha kuzua mjadala. Wa mwambani wako hivyo kila bamvua.

Sasa ndio wakati wa kuandika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 iliandaliwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, na kinachofuata baada yake ndicho cha kukipigania. Kilwa Masoko nako bandari ya uvuvi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, inatarajiwa kuwavuta wanawake wengi zaidi kwenye biashara ya samaki. Bandari ya mabilioni isiyo na chumba cha watoto itakuwa aibu ya wabunge wetu wote, wa Kilwa Kaskazini na wa Kilwa Kusini.

Akina mama, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari. Ombeni shuleni idadi ya watoro wa siku za bamvua. Ambatisheni vyote viwili kwenye barua ya ukurasa mmoja kwa mbunge, nakala kwa diwani na kwa Kamati ya Bunge ya Ustawi na Maendeleo ya Jamii. Ombeni mambo mawili tu: kituo cha watoto kwa saa za maji katika kila kijiji cha wavuvi, na chumba cha watoto bandarini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mwisho wa barua andikeni kwamba mnasubiri jibu la maandishi, na mbunge akija kuomba kura tena, mwulizeni mbele ya watu liko wapi.