Sayansi Bila Kumbukumbu ni Mali Bila Daftari

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini, uso umemsawijika. Baba yake alikuwa amemwuliza, mbele ya wageni, historia anayoisoma italeta unga gani nyumbani katika zama hizi za sayansi. "Mwalimu, nilikosa la kumjibu," aliniambia.

Mimi ni mtu wa isimu, si mwanahistoria, lakini swali hilo linatukabili sote tulio katika taaluma zisizo za maabara. Nilimtajia jina moja: Margaret Gowing.

Bibi huyu Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1921, hakuwa mwanasayansi. Mwaka 1945 aliajiriwa katika kitengo cha historia cha Ofisi ya Baraza la Mawaziri, akashiriki kuandika historia ya uchumi wa Uingereza wakati wa vita. Mwaka 1959 alihamia Mamlaka ya Nishati ya Atomiki akiwa mwanahistoria na mtunza nyaraka. Huko aliruhusiwa kusoma majalada ya siri na kuwahoji wahusika. Kazi hiyo ilizaa kitabu cha mwaka 1964 na juzuu mbili za mwaka 1974, ambazo alisaidiwa na Lorna Arnold kuziandika. Hatimaye akawa profesa wa kwanza wa historia ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Wapo watakaosema kwamba mwanahistoria anayelipwa na serikali ni mpiga debe tu. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ni Gowing aliyewaeleza Waingereza kwa kina kwamba uamuzi wa kuunda bomu, Januari 1947, ulipitishwa na kikundi kidogo cha mawaziri chini ya Waziri Mkuu Attlee, baraza zima likiwa gizani. Mwanafizikia ataeleza jinsi bomu linavyolipuka. Ni nani waliokata shauri liundwe, kwa hoja gani, na nani alifichwa, hayo ni maswali ya mwanahistoria.

Hapa kwetu, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liliundwa mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 ikaleta tume mpya mahali pake. Je, ni nani atakayetueleza maamuzi yapi yalifaulu, yapi yaliangukia pua na kwa nini? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa kila taasisi yetu ya utafiti iajiri walau mwanahistoria mmoja, afunguliwe majalada, kisha aachwe huru kuandika ayaonayo.

Walimu wenzangu, mnapowaongoza vijana kuchagua mikondo ya masomo katika sekondari pevu, msiwafundishe kuamini kwamba sayansi ni ya werevu na historia ni ya waliosalia. Nawe mwanafunzi wangu, rudi nyumbani ukamweleze mzee, kwa adabu, habari za bibi huyo. Akikuuliza tena kuhusu unga, mwambie kwamba Gowing aliajiriwa na serikali kwa sababu ya historia hiyo hiyo.