Avoka wa kweli hakatai kuandika

Huku Kiambi, mama wa kantini ao négociant mudogo wa kasiterite akipata convocation ya tribunal, anakimbilia mutu wa veste na mfuko wa makaratasi. Huyo anaomba makuta kwanza, risiti hakuna. Kantini ikifungwa, nani atatukopesha unga mbele ya siku ya malipo? Njaa yake ni njaa yetu wachimbaji.

Sisi wa sindika tunasema: veste haifanye mutu kuwa avoka. Ordonnance-loi 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 iko wazi. Avoka jina lake liko ku liste ya barreau, chini ya bâtonnier. Défenseur judiciaire naye ana liste yake ku tribunal.

Kalemie ni mbali, kweli. Lakini kila jamaa iko na ndugu kule: apite kuuliza lile jina mbele hamujatoa hata franka moja. Bei iandikwe, kila malipo yapate risiti. Mukanda wa kiwanja na karte ya négociant musimuachie, mumupe kopi. Akikasirika juu ya hayo, mumejua ni mutu gani.

Na ninyi wakubwa wa barreau: sheria ile ile inawaomba bureau ya consultation ya bure kwa wasiokuwa na uwezo. Muishushe mpaka huku, hata siku moja kwa mwezi. Haki isiyofika Kiambi inaacha mlango wazi kwa wadanganyifu.