Kabla ya Mashine ya Vyombo, Tuma Maji

Mtu wa Voi anayefanya kazi Doha, Dubai au Birmingham ni vigumu apite mbele ya duka la vifaa vya jikoni asimkumbuke aliyemwacha nyumbani akiinamia beseni. Huko aliko, mashine ya kuosha vyombo ni kitu cha kawaida, na ile ya bei nafuu hununulika kwa akiba ya miezi michache. Wengine kazi yao yenyewe ni kuzipakia na kuzipakua mashine hizo katika nyumba za waajiri wao. Ndipo huja wazo: kwa nini mama naye asipumzishwe? Kwa nini mashine moja isiwekwe kwenye kontena, ikashushwa bandarini Mombasa na kupandishwa hadi Voi, Mwatate au Wundanyi? Wazo hilo ni jema na linatoka moyoni. Ninachopinga ni mpangilio wake. Bei ya mashine ya vyombo haiishii dukani ilikonunuliwa, inaishia kwenye mfereji wa nyumba itakamofungwa. Katika sehemu kubwa ya kaunti ya Taita Taveta, iliko miji hiyo, mfereji huo haupo, au upo lakini hukauka siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo anayetaka kumpunguzia mama kazi aanze kwa kutuma maji, mashine ifuate baadaye.

Kwanza tukubaliane kwamba kazi yenyewe ni nzito, na kwamba kutaka kuipunguza si anasa wala si uvivu. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa mwaka 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia asilimia 18.7 ya muda wao katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa, ilhali wanaume hutumia asilimia 3.6. Tukiigeuza hesabu hiyo kuwa saa, ni karibu saa nne na nusu kila siku kwa mwanamke, na pungufu ya saa moja kwa mwanamume. Hata mashine ya kuosha vyombo ya kwanza kufanikiwa sokoni ilibuniwa na mwanamke, Josephine Cochrane wa jimbo la Illinois, Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1886 na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Wateja wake wa mwanzo walikuwa mahoteli. Iliichukua mashine hiyo miongo mingi kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, na sababu mojawapo ni kwamba nyumba nyingi wakati huo hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuiendesha. Hilo ndilo somo kwetu: hata Marekani, mashine ilisubiri maji.

Wanaoitetea mashine hupenda kusema kwamba huokoa maji, na wana ushahidi. Mashine ya kisasa inayobeba vyombo vya watu 12 hutumia takriban lita 10 kwa mzunguko mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya idadi hiyo waoshe kwa mikono, na wastani wa maji waliyotumia ukakaribia lita 100. Lakini waliopimwa pale ni watu waliozoea mfereji unaotiririka bila hofu ya kesho. Jikoni kwa familia inayonunua maji kwa mtungi, hesabu ni nyingine. Kuna beseni la sabuni na beseni la kusuuzia, na mtungi mmoja wa lita 20 ukitumiwa kwa uangalifu hutosha vyombo vya mlo mzima. Maji ya kusuuzia nayo hayamwagwi ovyo: hutuliza vumbi la uani au hupelekwa kwenye shina la mpapai. Maji yanayotoka kwenye mashine yana sabuni kali isiyofaa kumwagiliwa mboga. Familia ya namna hii haiwezi kuokoa lita 90 ambazo haijawahi kuwa nazo.

Tena mashine ina masharti yake. Inataka maji yaifikie yenyewe, kwa msukumo. Nyingi hudai angalau baa 0.3 hadi 0.5, na kwa kuwa kila mita 10 za kimo huleta takriban baa moja, tangi la kuilisha mashine bila pampu linapaswa kuinuliwa mita tatu hadi tano juu yake. Tangi lililokaa chini, ukutani mwa nyumba, halitoshi. Maji yakikatika katikati ya mzunguko, mashine husimama na vyombo vyake ndani, vimejaa povu na makombo, na katika joto la Voi harufu haichelewi. Halafu kuna maji ya visima vilivyochimbwa nyanda za chini za kaunti hii, ambayo mara nyingi yana chumvi. Kifaa cha kulainisha maji kilichomo ndani ya mashine hupunguza chokaa, lakini hakiondoi chumvi ya kisima. Ongeza stima: mzunguko mmoja hula karibu yuniti moja, na kipasha maji chake huvuta takriban wati 2,000 kwa mkupuo, mzigo ambao nyaya za nyumba nyingi hazikupangiwa.

Mahali inakonunuliwa nako kuna maana yake. Kenya hutumia volti 240 kwa hezi 50. Uingereza, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu zina umeme unaokaribiana na huo, na hata plagi yenye meno matatu ya mstatili ni ileile. Marekani hutumia volti 120 kwa hezi 60, na Saudia nayo ni hezi 60. Transfoma inaweza kupandisha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya pampu iliyotengenezwa kwa umeme wa huko itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa. Zaidi ya hayo kuna forodha. Anayerudi nyumbani moja kwa moja huruhusiwa kuingiza vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia bila kutozwa ushuru, akitimiza masharti ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Anayetuma mashine mpya kama zawadi hana msamaha huo: ushuru wa bidhaa za aina hii kwa kawaida ni asilimia 25, na juu yake huja VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Jumlisha usafiri na fundi wa kuifunga, na unafuu ulioonekana dukani umeyeyuka.

Tuviangalie na vyombo vyenyewe. Mashine hizi zilibuniwa kwa meza ya sahani bapa, vikombe, glasi, visu na uma. Kinachochosha jikoni kwetu ni sufuria ya ugali yenye ukoko, sufuria ya maharage, chungu, mwiko, na sufuria iliyopondewa kimanga, mlo wetu wa Kitaita, mpaka wanga ukashika kama gundi. Sufuria kubwa ikiingia, sahani hazina nafasi tena. Sufuria za alumini hupoteza mng'ao na kuwa nyeusi kwa sabuni ya mashine, na mwiko wa mbao hupasuka. Kwa hiyo hata mashine ikifanya kazi vizuri, sehemu ngumu ya kazi hubaki mikononi mwa mama yuleyule. Maji ya mfereji yaliyofika jikoni hayachagui: huosha sahani, hulowesha ukoko, hupika, hufua na kuogesha mtoto.

Nini basi kimeikosesha Voi maji? Si kwamba kaunti haina. Ndani ya mipaka ya Taita Taveta, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ziko chemchemi za Mzima, ambako maji ya mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu huchujwa na miamba ya volkeno na kububujika yakiwa safi. Miaka ya 1950 lilijengwa bomba la zaidi ya kilomita 200 kuyapeleka Mombasa, na hadi leo bomba hilo hushuka pwani likipitia nchi kavu ambayo wakazi wake wanatafuta maji. Voi hupata mgao wake kupitia kampuni ya TAVEVO, lakini mji umekua, hasa tangu reli ya kisasa ilipofika mwaka 2017, na mgao hautoshelezi. Mradi wa bomba la pili la Mzima umezungumzwa kwa miaka mingi. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, na kiangazi kikikaza, ndovu nao hufuata maji hadi kwenye matangi na mabomba ya watu. Katika hali hii, kulitazama beseni la mama kama shida ya kukosa mashine ni kuutibu mkono wakati kinachouma ni mgongo unaobeba mtungi. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hakuna mashine ya vyombo inayoupunguza hata gramu moja.

Fedha zilezile zinaweza kufanya nini? Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Chukua nyumba ya mabati yenye paa la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 500 kwa mwaka, kiasi cha wastani kwa nyanda za chini. Hizo ni lita 30,000. Toa moja ya tano kwa yatakayovuja na kumwagika, zibaki 24,000, yaani mitungi 1,200. Tangi la lita 5,000 haliwezi kuyahifadhi yote kwa mara moja, lakini likijaa tu ni mitungi 250 ambayo hakuna aliyeibeba wala kuinunua kutoka kwenye mkokoteni. Tangi hilo hujazwa na mvua za Novemba na Desemba, likajazwa tena na zile za Machi hadi Mei, na siku ya mgao hupokea maji ya mfereji. Pampu ndogo au mnara wa tangi la pili ukiongezwa, maji hufika jikoni kwa msukumo. Na hapo, bila fedha kupotea, mahali pa mashine patakuwa tayari.

Kuna watakaosema kwamba maji ni wajibu wa serikali, na kwamba mtu akijijengea tangi anawapunguzia viongozi lawama. Ni kweli kwamba ni wajibu wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na huduma za maji zimekabidhiwa kaunti. Aliye ughaibuni hana kura ya gavana, kwa kuwa Wakenya walio nje humpigia kura rais peke yake. Lakini ana sauti ambayo wanasiasa huisikiliza sana. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Fedha zinazolisha nyumba nyingi kiasi hicho zina haki ya kuuliza bomba la mtaa litafika lini. Kuidai haki na kuweka tangi ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, maana mama hawezi kukaa na kiu akisubiri zabuni itangazwe.

Wengine watahofia kwamba mashine itamwondoa dada wa kazi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dada huyo ndiye abebaye mtungi katika nyumba nyingi, na maji ya jikoni humpunguzia mzigo kabla hayajamgusa mtu mwingine. Wengine watauliza: na nyumba za Voi mjini zenye tangi juu na mfereji usiokatika? Kwao nasema mnunulieni mama mashine kwa moyo mweupe. Chagueni ya hezi 50, na linganisheni kwanza na bei za Nairobi na Mombasa, ambako dhamana na vipuri viko karibu. Kwa familia ndogo, zipo mashine za kukaa mezani zenye tangi la ndani linalojazwa kwa mkono, takriban lita tano, zisizohitaji bomba. Na wakati haya yote yakipangwa, zile asilimia 3.6 za wanaume zinaweza kupanda leo usiku bila ushuru wa forodha. Mvulana anayefundishwa kuosha sahani aliyolia ni msaada unaopatikana katika kila kijiji, kuanzia Sagalla hadi Werugha.

Upendo wa aliye mbali hupimwa kwa kile kinachobaki mikononi mwa mpokeaji zawadi ikishafunguliwa. Mashine isiyo na maji itafunikwa kitambaa na kuwa kabati la sahani, na mama, kwa heshima ya mtoto wake, hatasema kwamba haifanyi kazi. Atashukuru kwa simu, kisha atachukua mtungi na kwenda kupanga foleni. Tusimweke katika hali hiyo. Atumaye atume mifereji ya paa kwanza, kisha tangi, kisha bomba la kuingia jikoni. Siku mama atakapofungua mfereji akiwa amesimama wima, muulizeni sasa anataka nini. Huenda akataja mashine, huenda akataja kitu kingine kabisa. Vyovyote atakavyojibu, atakuwa anachagua mwenyewe, na mgongo wake utakuwa umepumzika.