Faini na Mtu Asiye Nacho

Jambo hili latuhusu sisi makarani wa mahakama kuliko tudhanivyo. Faini moja huwa na uzito wa namna mbili. Mwenye duka huilipa, akachukua stakabadhi yake, akaenda zake. Mvuvi wa Mkwaja mwenye kosa lile lile, tena wakati wa kusi bahari inapochafuka, hana cha kulipa. Naye huingia gerezani. Hukumu ilimtaka fedha, umaskini ukamfunga.

Kanuni ya Adhabu yaruhusu kifungo badala ya faini isiyolipwa. Lakini Bunge halikuiacha njia hiyo peke yake. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yampa hakimu uwezo wa kumwamuru mtu, ambaye kosa lake lastahili kifungo kisichozidi miaka 3, afanye kazi ya manufaa ya watu wote pasipo ujira, huku akilala kwake. Huko Marekani nako, katika shauri la Bearden la mwaka 1983, Mahakama Kuu iliamua kuwa haifai kumfunga mtu kwa faini asiyoilipa pasipo kwanza kuchunguza kwa nini hakulipa.

Wako watakaosema: mkisamehe faini, sheria itachezewa. Sisi hatuombi kosa lisamehewe. Mtu afagiaye soko mbele ya jirani zake ameadhibiwa. Wala watoto wake hawakulala na njaa, wala Serikali haikumlisha. Mwenye fedha akataaye kulipa, huyo na abanwe.

Basi kazi yetu ni ipi? Nafuu isiyotajwa ni sawa na nafuu isiyokuwapo. Mtu atokaye Mkwaja hata Pangani mjini, ng'ambo ya mto, husimama mbele ya hakimu kwa woga, asijue kwamba aweza kueleza hali yake. Hatuna mamlaka ya kuhukumu, lakini hati za kifungo hupita mikononi mwetu. Yatupasa kumwambia mapema: "Mweleze hakimu hali yako, omba muda, au omba kazi ya jamii." Tena chama chetu na kiombe tangazo la maneno hayo libandikwe mlangoni pa kila mahakama, kwa Kiswahili chepesi.

Watu husema mnyonge hana haki. Kalamu zetu zisiwe shahidi wa neno hilo.