Tusizungumze na Ukuta

Jamaa zangu, juzi mwanangu mhandisi alijizoeza mbele yangu maelezo atakayowapa wenzake kazini. Slaidi 40, herufi ndogo mfano wa sisimizi. Akanipa mgongo, akazisoma zote ukutani. Nikamwambia: “Baba, wenzio wanajua kusoma. Wanakuja kukusikiliza wewe.”

Jambo hili si dogo. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliangamia na watu 7. Tume ya uchunguzi ilisema ni rahisi mkubwa kuisoma slaidi ya wahandisi asitambue kwamba roho za watu zimo khatarini.

Basi rai yangu kwa vijana wetu: slaidi moja, jambo moja, neno zito liwe juu, wazi. Kisha watazameni watu. Hata sisi wa chaki, tulipouelekea ubao tu, darasa lilitupotea.