Mtaji wa Kariakoo si jasho

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Methali hii siku hizi imehamia kwenye kumbi za semina za ujasiriamali, ambako hutamkwa kwa kipaza sauti mbele ya vijana waliolipa kiingilio. Hufuatana na maagizo: amka saa kumi alfajiri, acha kulalamika, umaskini uko kichwani mwako. Kinachorukwa ni jambo moja tu. Kabla hujainama mvunguni, sharti mwenye nyumba akuruhusu kuingia chumbani.

Imani kwamba bidii ndiyo inayomtenganisha aliyetoboa kibiashara na aliyekwama ni uongo, tena uongo wenye madhara. Mvivu hafiki mbali, hilo halina ubishi. Lakini waliokwama nao ni wachapakazi, na wengi wao wanawazidi waliotoboa. Kinachowatenganisha ni nani anamjua nani, na hasa nani yuko tayari kumwachia nani mzigo bila kushika hela.

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Kongo, usimame pembeni ya duka lolote la jumla la vitenge. Anaingia mama wa makamo, mfanyabiashara wa Songea. Mkoba haufungui. Anachagua, anabishana bei kidogo kwa ajili ya heshima tu, kijana wa dukani anahesabu doti na kuandika kwenye daftari lenye jalada gumu: jina, idadi, tarehe. Mzigo unafungwa kamba, unaandikwa namba ya simu kwa maka peni, kuli anautupa begani na kuupeleka kwenye guta, na jioni uko kwenye buti la basi. Hela ataituma kwa simu akishauza. Hiyo ndiyo mali kauli, na bila hiyo maduka mengi ya mikoani yangekuwa rafu tupu.

Nyuma yake amesimama dada mwenye laki tatu taslimu, alizozidunduliza kwa kuuza maandazi. Anatajiwa bei ya juu zaidi, anaonyeshwa rangi zilizokataliwa na wengine, na jina lake haliandikwi popote. Huenda siku hiyo yeye ndiye aliyeamka mapema kuliko wote waliomo dukani.

Jina la yule mama liliingiaje daftarini? Si kwa bidii. Mtu kama yeye, mara ya kwanza, huletwa. Shemeji aliyekuwa akichukua mzigo pale pale humshika mkono na kumwambia mwenye duka: huyu ni wangu, akikusumbua niulize mimi. Baada ya hapo ndipo uaminifu wake mwenyewe unapoanza kuhesabika, na ni kweli asipolipa atafutwa. Lakini dada wa maandazi hajawahi kupewa hata nafasi ya kudhulumu. Uaminifu wake haujulikani kwa sababu hakuna aliyeujaribu.

Wakinga wa Makete wanalijua hili kuliko wahamasishaji wote. Kijana anashuka kutoka milimani, anaingia kwenye duka la mjomba au la mtu wa kijijini kwao, anafanya kazi miaka kadhaa kwa chakula na malazi, kisha anapewa mzigo wa kuanzia na kuonyeshwa kwa wauzaji wa jumla. Wivu wa mjini husema ni uchawi. Wapenzi wa semina husema ni uchapakazi. Mimi naona utaratibu wa ukoo, wenye masharti yake na adhabu zake, unaotengeneza wafanyabiashara kizazi baada ya kizazi. Kijana yule amehenyeka, sikatai. Lakini kijana wa Lindi anayetembeza soksi juani pale Msimbazi naye amehenyeka miaka ile ile. Tofauti ni kwamba miaka hiyo ikiisha, hana wa kumdai fungu lake.

Sasa tufanye hesabu, maana wanaohubiri bidii huikimbia. Tuseme watu wawili wanahitaji mzigo wa shilingi 500,000. Mwenye jina kwenye daftari anachukua na kulipa baada ya mwezi. Pengine bei imeongezwa kidogo, lakini riba hakuna. Asiye na jina anakwenda benki, anaulizwa hati ya nyumba, na yeye ni mpangaji. Anaishia kwenye mikopo ya kausha damu: marejesho ya kila wiki, wakati mwingine ya kila siku, na akichelewa wanakuja kubeba televisheni na jiko la gesi mbele ya majirani. Akikopa hizo laki tano na kurudisha laki sita na nusu mwezi ukiisha, faida yote ya mzigo imeliwa. Wawili hawa wanaweza kuuza vitenge vile vile, kwa idadi ile ile, kwa saa zile zile, na mmoja akafungua duka la pili huku mwenzake akiuza friji. Ukimwambia huyu wa pili aongeze bidii, unamwambia amfanyie kazi zaidi mkopeshaji.

Watanijibu kwamba hata maskini wana watu wao. Wanao, na vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, vimeokoa familia nyingi kuliko programu nyingi zenye mabango. Ila angalia kikoba kimeundwa na nani. Ni akina mama wa soko moja, mtaa mmoja, wenye kipato kinachofanana. Januari ikifika na ada za shule, wote wanahitaji fedha siku moja. Wanajuana sana wao kwa wao, lakini hakuna hata mmoja anayemjua mwenye ghala.

Jambo hili lina historia ndefu kwenye pwani hii. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19 tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na usimulizi wake umejaa mikopo: bidhaa alizochukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, na baadaye nguvu ya Taria Topan, tajiri aliyemdhamini. Misafara ilikwenda bara kwa nguo na shanga ambazo hazijalipiwa, ikarudi na pembe za ndovu. Jasho halikuwa lake. Lilikuwa la wapagazi waliobeba pembe hizo begani mwendo wa miezi, na la watumwa ambao hawakuulizwa. Kama bidii ingekuwa ndiyo mtaji, wapagazi wale wangejenga majumba Mji Mkongwe.

Na wa zama zetu? Hadithi inayopendwa zaidi kwenye semina ni ya marehemu Reginald Mengi, mtoto wa familia maskini ya Machame aliyeanza viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Ni ya kweli, na mwenyewe aliiandika kwenye kitabu chake cha 2018. Lakini anayeisimulia jukwaani hupita mbio kwenye kipande cha katikati: kabla ya kuwa mwenye viwanda, Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, na aliongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa nchini. Mkaguzi wa hesabu wa ngazi hiyo anajuana na mabenki, wizara na wakurugenzi. Akipiga simu, inapokelewa. Simpunguzii sifa, alikuwa na akili na alithubutu. Nawalaumu wanaomkatia kijana wa Mbagala kipande cha kalamu tu na kumwambia, nawe anza hivyo.

Wapo watakaosema nawafundisha vijana kutafuta vigogo na kutoa rushwa. Hapana. Kuna kujuana kwa zabuni inayopikwa mezani kabla haijatangazwa, na huo ni wizi. Kuna kujuana kwa mali kauli, ambako hakumwibii mtu. Lakini wahubiri wa bidii hawamsumbui hata kidogo yule mwizi. Wanamfaa sana. Kijana akikosa zabuni anarudi nyumbani kujilaumu kwamba hakujituma, na aliyeila hana wa kumuuliza.

Serikali nayo imejificha nyuma ya mahubiri hayo hayo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni wazo zuri, kwa sababu linampa asiye na shemeji Kariakoo mtu wa kumwachia mzigo. Likaharibiwa na ugonjwa ule ule. Vikundi hewa vikapata, vya kweli vikazungushwa, mikopo haikurejeshwa, mwaka 2023 ikasitishwa, na 2024 ikarudishwa. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kuiomba hatua ya kwanza ni ipi. Atakutajia kupata mtu anayefahamiana na ofisi, wa kumwambia fomu zinatoka lini.

Kenya nayo imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu 2013. Huko nako mwenye kampuni changa hushinda zabuni, akapeleka madawati, kisha akasubiri malipo hadi mkopo alionunulia mbao unammaliza. Mwenye mtu wake Hazina halali na wasiwasi huo.

Kwa hiyo nitake nini? Nataka fomu za mikopo ya asilimia 10 zitolewe kwa tarehe inayojulikana mtaa mzima. Nataka orodha ya vikundi vilivyopewa, majina ya viongozi wake, kiasi na tarehe ya kurejesha, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata, palipobandikwa tangazo la usafi. Nataka mzabuni mdogo alipwe ndani ya siku 30, na kila siku ya ziada halmashauri imlipe riba, kama yeye anavyolipishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha mpya. Kinachotakiwa ni madiwani wa kuyapitisha, na baadhi yao wana shemeji kwenye orodha hiyo.