Tarehe ya bastola isikuingize mjini

Wiki hii tuachane kidogo na mambo ya mapenzi, tuingie kwenye vyuma. Nazungumzia bastola za kale za silinda, zile za filamu za kauboi, jamaa anavuta nyundo kwa dole gumba huku kofia imemfunika jicho moja. (Afande usije kunigongea, mimi nazijua kwa picha tu.)

Huko Marekani kuna watu kazi yao kuzikusanya. Ikiwa ni ya karne ya 19 kweli, inakwenda kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana matapeli hawalali, na wengi wanaolizwa wanaponzwa na kitu kimoja: wanaamini tarehe.

Chukua Colt Single Action Army, ndiyo hiyo ya kauboi. Ubavuni imegongwa tarehe za mwaka 1871 na 1872, nyingine zina na 1875. Muuzaji anakuwekea kidole: "Si unaona mwenyewe, 1871!" Roho inakudunda, unaingiza mkono mfukoni. Kumbe hizo ni tarehe za hataza, yaani siku ubunifu uliposajiliwa serikalini ili mwingine asiuige. Bastola yenyewe ilianza kutengenezwa mwaka 1873. Sasa hiyo ya 1871 ilizaliwa kabla ya mama yake? Tena tarehe hizo ziliendelea kugongwa miaka nenda rudi, mpaka karne ya 20 ikaingia.

Mjanja anaangalia mwili. Kuna kijiti cha chuma kinachopita katikati ya silinda. Kwenye za mwanzo kilibanwa na skrubu mbele ya fremu. Miaka ya 1890 wakaleta kitufe cha springi, unabonyeza ubavuni kijiti kinatoka. Mtu akikuletea yenye kitufe akakwambia ya mwaka 1875, mpe maji anywe aende zake. Halafu kuna kifimbo cha kusukumia maganda nje: kichwa chake kilikuwa duara kamili, mwanzoni mwa miaka ya 1880 kikawa nusu mwezi. Ukikuta herufi VP ndani ya pembetatu kwenye kinga ya triga, hiyo ni ya karne ya 20, usibishane.

Na kuna za kupaka piko, kama mzee anayetaka vibinti. Chuma kimepigwa msasa kikatiwa rangi upya, kinang'aa balaa, lakini herufi zimelika kingo.

Mwisho namba. Inatakiwa isomeke ile ile kwenye fremu, kwenye kinga ya triga na kwenye mgongo wa mpini. Zikipishana, ujue hizo ni spea zilizokutana gereji. Namba hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye mwaka wa kweli, na mwaka una kesi: kwa sheria ya Marekani ya 1968, iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898 ni ya kale, ya 1899 ni silaha kama silaha nyingine, na masharti yake juu.

Mwingereza kwenye hili hana makuu. Webley Mark VI, iliyoingia jeshini mwaka 1915, ina mwaka kwenye fremu, na huo ndio mwaka iliyotoka kiwandani. Unasoma, unalipa, unaondoka.

Wiki ijayo tunarudi kwa wapenzi wetu.